Kwa mnaoanza kusoma jeni za neva zinazozeeka

Wadogo zangu mnaoingia kwenye biolojia ya molekuli hapa Mbeya na kule Iringa, msikatishwe tamaa na umbali wa bahari. Data za RNA (nakala ambazo seli hutoa kutoka kwa jeni inazozitumia) za konokono wa baharini ziko wazi mtandaoni, na laptopu yenye nafasi pamoja na bando la usiku vinatosha kuanzia. Kazi kubwa iliyobaki ni ya kichwa.

Mnyama mwenyewe ni Aplysia californica wa pwani ya California, konokono asiye na gamba la nje. Anaishi takriban mwaka mmoja, hivyo ujana na uzee wake unaviona ndani ya mwaka wa masomo. Ana nyuroni, yaani seli za neva, zipatazo 20,000, na baadhi ni kubwa hadi unaziona kwa macho tu. Kwa kuwa zinatambulika moja moja kutoka mnyama hadi mnyama, zimepewa majina: R2, R15, L7. Kwa mnyama huyu Eric Kandel alionyesha jinsi kumbukumbu inavyojengwa, akawa mmoja wa watatu waliopata Nobel ya tiba mwaka 2000.

Hayo majina ya seli ndiyo yanayonifanya nimpende mnyama huyu. Ukisaga kipande cha ubongo wa panya mzee ukapima RNA, unapata mchanganyiko. Jeni ikionekana imepungua, hujui kama imepunguza kazi au seli zilizokuwa nayo zimekufa. Kwa Aplysia unachukua R2 ya kijana na R2 ya mzee, unalinganisha seli ileile. Leonid Moroz na Andrea Kohn walichapisha kazi ya namna hiyo mwaka 2010 kwa nyuroni mbili kubwa, R2 na LPl1, ambazo zote hutumia asetilikolini, kemikali ya kupeleka ujumbe. Walikuta kila moja inazeeka kwa njia yake, ndani ya mnyama mmoja! Kwa hiyo mtu akikutajia "jeni za uzee", kwanza muulize: za seli gani?

Pili, muulize zinahusiana na nini mnyama anachokifanya. Aplysia akiguswa mkia huuvuta. Akizeeka mwitiko huo hudhoofika, na nyuroni za hisia zinazouendesha haziamshwi kirahisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Miami walisoma RNA ya nyuroni hizohizo, wakachapisha mwaka 2018: nakala za RNA 1,202 zilibadilika kiasi, karibu nusu zikipanda na nusu zikishuka. Ukiishia hapo huna cha kusema. Lakini kati ya jeni za milango ya ioni zilizobadilika, zaidi ya asilimia 80 zilishuka, zikiwemo za potasiamu na kalsiamu, na hiyo ndiyo milango inayoipa nyuroni umeme wake. Sasa orodha imeanza kueleza mkia.

Hesabu nayo isiwapite. Ukipima jeni 20,000 kwa kigezo cha asilimia 5, zipatazo 1,000 zitaonekana zimebadilika kwa bahati tu, hivyo sahihisha kwanza kwa wingi wa vipimo. Na msiandae sampuli za wazee Jumatatu na za vijana Ijumaa, maana mtakuwa mmepima siku, si umri.

Wanaotaka kuzoeza mikono kutoa RNA, konokono uchi wamejaa kwenye bustani za Uyole wakati wa mvua. Vaeni glavu: mikono yetu ina vimeng'enya vinavyokata RNA, na konokono hao wanaweza kubeba minyoo inayodhuru binadamu. Baridi ya Juni isiwadanganye, sampuli inataka barafu.

Kuna jambo moja linalowafanya wengi wamwage sampuli nzuri. Kwa moluska wengi (kundi la konokono na jamaa zao), RNA kubwa ya ribosomu, mashine ya seli ya kutengeneza protini, iitwayo 28S, ina mpasuko wa asili. Ikipashwa moto inaachana vipande viwili vinavyokaribia ukubwa wa 18S, RNA ndogo zaidi ya ribosomu, na mashine ya kupima ubora wa RNA inakupa alama ya chini kana kwamba RNA imeoza. Gawa sampuli, pasha sehemu moja, nyingine iache, kisha ziendeshe pamoja kwenye jeli ya kawaida, ile inayotenganisha RNA kwa ukubwa bila kuikunjua. Isiyopashwa ikionyesha mistari miwili mikali na iliyopashwa ikabaki na mmoja mkali karibu na 18S, RNA yako ni nzima. Endelea na kazi.