Kabla ya Kumwaga Chokaa Bwawani

Siku ya kwanza maabara ilituletea majibu mazuri. Bwawa lilikuwa la kiwanda cha kuchovya chuma kwenye zinki, maji yake makali ya tindikali, na tulikuwa tumeyapandisha taratibu kwa chokaa hadi pH 9.5 (chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni alikali). Zinki yote ilishuka chini kama maziwa yaliyoganda. Mkuu wa kazi akafurahi, akaagiza mifuko mingine iongezwe ili tuwe na uhakika zaidi. Kesho yake pH ilisoma 12, na zinki ikawa imerudi majini.

Hakuna aliyetuibia wala kipimo hakikuharibika. Zinki ndivyo ilivyo: kwenye tindikali inayeyuka, ukifika karibu na pH 9 inaganda na kuzama, ukizidisha chokaa inayeyuka tena. Risasi nayo ina tabia hiyohiyo. Kromiamu hupenda kuganda mapema, kwenye pH 8 hivi, na kadmiamu husubiri hadi karibu na 11. Kwa hiyo bwawa lenye metali nne halina namba moja ya kuliponya, na anayekwambia "weka chokaa tu itatulia" hajawahi kusimama tutani siku ya pili. Kushusha pH ile kulitugharimu wiki tatu: tindikali iliyochanganywa na maji mengi, kidogo kidogo, huku mtu akipima kila baada ya nusu saa.

Nayaandika haya kwa yeyote aliyekabidhiwa bwawa la taka hatarishi na kuambiwa alitibu palepale lilipo. Mimi naunga mkono kutibu palepale. Kuchimba tope na kulisafirisha ni kuipeleka sumu barabarani, kila lori likidondosha kidogo. Ila dawa itafuata kilichomo, na kilichomo hukijui mpaka uzame.

Anza na bomba la plastiki angavu. Panda mtumbwi wenye kamba ya usalama, vaa glavu na kinyago, sukuma bomba mpaka ligome, ziba mdomo wa juu, vuta. Utaona bwawa zima limesimama ndani ya bomba. Kwenye bwawa moja nililofanyia kazi juu kulikuwa na maji ya rangi ya chai, chini yake tope laini la kahawia, kisha kiganja kimoja cha tope jeusi lililonuka mayai viza. Harufu ile ndiyo iliyotuokoa. Ilikuwa salfaidi, na mpango wa awali ulikuwa kumwaga tindikali. Salfaidi ikikutana na tindikali hutoa gesi inayoua, na pua huizoea haraka kiasi kwamba unadhani imeondoka. Sianidi ni vivyo hivyo. Bwawa lenye sianidi halishushwi kuelekea tindikali hata kwa bahati mbaya. Chukua sampuli za bomba pande zote za bwawa, kwa mistari kama shamba la mahindi, kwa sababu pale maji taka yanapoingilia tope huwa tofauti kabisa na lile la kona ya mbali.

Ukishajua tabaka, tenganisha maji na tope. Maji yatibiwe kwanza. Kama kuna kromiamu ile ya njano, ambayo wanakemia huiita ya sita (VI), chokaa haitaikamata. Inabidi uibadilishe kwanza kwa salfeti ya chuma (II) iwe ya tatu (III), ndipo igande. Aseniki nayo hushikwa vizuri na chumvi za chuma.

Tope ndilo lenye kazi. Hapa wengi hutumia saruji, peke yake au pamoja na jivu la makaa ya mawe au mabaki ya tanuru la chuma yaliyosagwa, na ekskaveta inakoroga mpaka chini. Lengo ni tope ligeuke kuwa kitu kigumu kisichopitisha maji, sumu ibaki imefungwa humo. Mfano ninaoupenda kuutaja ni mabwawa ya lami ya Sydney, Nova Scotia, nchini Kanada, yaliyoachwa na kiwanda cha chuma: takribani tani 700,000 za tope. Mpango wa kwanza ulikuwa kulivuta kwa mabomba na kulichoma. Tope likawa zito mno kupita bombani, mpango ukafa. Baadaye walilichanganya na saruji humohumo, wakalifunika, na mwaka 2013 pakafunguliwa bustani juu yake.

Lakini usikoroge bwawa kabla hujakoroga ndoo. Chukua tope la kila tabaka, tengeneza michanganyiko kadhaa yenye saruji kidogo na nyingi, iache siku 28, kisha ivunje na uiloweke uone nini kinatoka. Nimeona ndoo ikibaki uji siku ya 28 kwa sababu tope lilikuwa na mafuta, na mafuta huizuia saruji isishike. Bora uione aibu hiyo kwenye ndoo. Pima pia ujazo, maana tope likichanganywa na saruji huvimba, na kama ukingo umebakiza shubiri moja tope litamwagika kabla hujamaliza.

Chokaa hai, ile ambayo haijazimwa kwa maji, iogope. Ikigusa maji inachemka, na joto hilo hufukuza viyeyushi kama benzini kutoka kwenye tope hadi hewani, wanakovivuta watu wako. Bwawa lenye viyeyushi vingi litafutiwe njia nyingine.

Na ukingo ukaguliwe kabla ya mashine nzito kupanda. Tarehe 4 Oktoba 2010 ukingo wa bwawa la tope jekundu karibu na Ajka, Hungaria, ulipasuka. Watu 10 walikufa, na tope lenyewe lilikuwa na alikali kali ya kuunguza ngozi. Ukiona maji yanajitokeza chini ya tuta, au ufa mrefu unaofuata ukingo, simamisha kila kitu.

Jambo la mwisho ni visima vya kupimia. Vichimbwe kabla ya kazi kuanza: kimoja upande maji ya ardhini yanakotokea, vitatu au zaidi upande yanakoelekea. Bila kile cha juu huwezi kuthibitisha kwamba uchafu umetoka kwako au umeukuta. Kwenye bwawa la zinki tulichelewa kuvichimba, na mpaka leo kisima cha tatu kinasoma zinki ambayo hakuna anayeweza kusema iliingia lini, kabla ya chokaa yetu au siku ile ya pH 12.