Msumeno wa meza usubiri kwanza

Kaka, umeuliza uanze na msumeno wa meza au wa kushika mkononi, kwa banda la uani la makabati na vitanda. Nunua wa mkononi, wa diski ya duara ya milimita 185, na ubao ulionyooka wa kuuongozea. Meno 24 yanatosha kupasua mbao. Plaiwudi inataka 40 au zaidi, la sivyo kingo zinachanika. Hatari kubwa ni diski kubanwa na msumeno kukurukia. Tegemeza mbao karibu na mkato isiinamie katikati, nawe simama pembeni ya diski. Glavu vua, zinavutwa. Chomoa waya kabla ya kubadili diski. Vumbi la mninga linawasha sana pua, vaa barakoa.