Ukifika mahali pasipo farasi, uliza kwa nini

Shamba lile tulilipenda kabla hatujashuka garini. Nyumba juu ya mwinuko, malisho ya kijani yakiteremka hadi mtoni, na kwa majirani wote ng'ombe watupu. Hatukuona farasi hata mmoja njia nzima. Mimi nikajisifu kimoyomoyo kwamba tumegundua mahali ambapo wengine hawajapajua. Miezi mitatu baadaye tulikuwa tumeshanunua na kuhamia, na farasi wetu watatu: majike wawili na mzee mmoja aliyehasiwa.

Jibu la kwa nini hapakuwa na farasi lilianza kuja wiki ya sita, usiku. Yule mzee aliacha kula, akawa anageuka kutazama ubavu wake, anaparura chini, analala, anainuka, analala tena. Msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kinachokwama ndani kina njia moja tu ya kutokea, na wakati mwingine utumbo wenyewe hujipinda na hapo ni upasuaji au kifo. Nikapiga simu kwa daktari wa mifugo wa karibu. Akasema kwa upole kwamba yeye ni wa mbwa, paka na ng'ombe. Aliyetibu farasi alikuwa mwendo wa saa tatu.

Daktari huyo alikaa nami kwenye simu huku akiendesha. Ondoa chakula chote. Tazama fizi, ziwe na rangi ya waridi na ziwe na unyevu. Weka sikio ubavuni usikilize kama tumbo linanguruma. Hesabu mapigo ya moyo: farasi mzima aliyetulia huwa na kati ya 28 na 44 kwa dakika, wetu alikuwa na 56. Alipofika alimpitisha mpira puani hadi tumboni, na kulipopambazuka mzee akajamba. Sijawahi kuifurahia harufu namna ile.

Tangu usiku ule, nikivutiwa na eneo, simu ya kwanza siipigi kwa dalali. Naipiga kwa daktari. Namuuliza: unatibu farasi, au unakubali tu ukiitwa? Usiku unakuja? Ukisafiri, nani anashika zamu yako? Hospitali ya upasuaji wa farasi iko umbali gani? Daktari anayefanya kazi hii kweli hujibu bila kusita, na mara nyingi huongeza mambo ambayo hukuyauliza: upande gani wa bonde una kupe wengi, chanjo gani ni lazima, shamba gani liliua farasi wa nani.

Simu ya pili ni kwa fundi wa kwato. Kwato zinahitaji kukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane hivi, na hakuna fundi atakayesafiri nusu siku kwa ajili ya farasi watatu, labda umlipe kama mfalme. Sisi tulikaa wiki kumi na nne bila fundi. Mahali penye farasi wengi fundi anapita tu, daktari anapita tu, mwenye kuuza nyasi kavu anakutafuta yeye. Kwa hiyo nilichokuwa nakiona kama sifa ya eneo letu, ule upweke wake, ndio uliokuwa ugonjwa wake.

Kisha mvua zikaja. Yale malisho ya kando ya mto, ambayo ndiyo yaliyotuteka, yakageuka tope la udongo wa mfinyanzi linalofika juu ya kifundo. Farasi akisimama humo kutwa, kwato hulainika, huoza sehemu ya chini, au hufanya jipu ndani akachechemea kama amevunjika mguu. Tope likileta maji yaliyotuama, maji huleta usubi. Usubi huuma zaidi machweo na alfajiri, na katika nchi zenye homa ya farasi ya Afrika ndio unaoieneza. Kwa farasi asiye na kinga ugonjwa huo ni muuaji mkubwa. Ndiyo maana mabonde yenye unyevu yanatiliwa shaka kuliko miinuko mikavu yenye upepo. Na kama eneo lina mbung'o, sina ushauri mrefu: usimpeleke farasi. Ng'ombe wa kienyeji wa aina fulani huvumilia nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Farasi hana ubavu huo.

Kwa hiyo nenda ukalitazame shamba wakati likiwa baya. Msimu wa mvua nyingi, halafu tena mwisho wa kiangazi. Nenda jioni usimame malishoni mikono ikiwa wazi uone unaumwa na nini. Mzee mmoja jirani aliniambia baadaye, bila kejeli, kwamba wote pale walijua mto huo hupanda. Hatukuwa tumemuuliza.

Ukijani nao hudanganya. Malisho yaliyopandwa na kurutubishwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa yana sukari nyingi mno kwa farasi, hasa wale wadogo na wanene, ambao huvimba ndani ya kwato na kushindwa kutembea. Kinyume chake, ardhi ya kichanga yenye nyasi fupi humfanya farasi ameze mchanga kila anapong'oa jani. Ipo njia rahisi ya kujua: chukua mavi mabichi, yakoroge ndani ya maji kwenye chombo kinachoonyesha ndani, uache yatulie. Mchanga utakaa chini. Wafanyie hivyo farasi wa jirani, kama wapo.

Watu wataniuliza ekari ngapi. Utasikia moja au mbili kwa kila farasi, lakini kipimo hicho ni cha mahali penye mvua ya kutosha. Penye ukame ekari kumi zinaweza kuwa vumbi. Mimi nahesabu nyasi kavu. Farasi wa kilo 500 anakula takriban kilo 10 kwa siku. Watatu, kwa miezi mitano isiyo na malisho, ni zaidi ya tani nne na nusu. Zitatoka wapi, na zitalala chini ya paa gani zisiote ukungu? Maji ni hesabu hiyohiyo: lita 25 hadi 50 kwa farasi kila siku, na zaidi kwenye joto. Kisima kikikauka mwezi mmoja tu kwa mwaka, basi hakitoshi.

Jambo moja sikulijua kabisa kabla ya kuishi katikati ya wafugaji wa ng'ombe na kuku. Baadhi ya vyakula vya mifugo hao hutiwa monensini, dawa ambayo kwao haina shida ila kwa farasi ni sumu ya moyo, hata kwa kiasi kidogo. Kama kiwanda pekee cha chakula cha karibu kinachanganya vyote kwenye mashine moja, nunua kwingine. Uzio wa seng'enge nao ung'oe kabla farasi hawajashuka. Ng'ombe akikwaruzwa husogea, farasi hupagawa na kujichana hadi mfupani.

Shamba la kwanza tuliliuza kwa hasara baada ya mwaka na miezi miwili. La pili tulilikodi kwanza, misimu yote ipite, na farasi tukawaacha kwa rafiki hadi mvua zilipokwisha. Nilipoenda kuwachukua nilipakia na marobota ya nyasi walizozizoea, nikachanganya na mpya kidogo kidogo kwa siku kumi. Njiani tulisimama kila baada ya saa nne hivi, wanywe, na wapate kuinamisha vichwa, maana farasi aliyefungwa kichwa juu safari ndefu anaweza kuishia na ugonjwa wa mapafu.

Tulifika giza likiingia. Kabla sijafungua mlango wa trela, farasi mmoja alilia kutoka ng'ambo ya barabara, mwingine akapokea kutoka juu kilimani. Mzee wetu, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa na jirani wa kumjibu, akaitikisa trela nzima kwa mlio wake.