Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni: aanze kwa nani?

Dada, kwa mumeo mwendesha bodaboda, ambaye kiuno kinauma na maumivu yanashuka hadi unyayoni, mimi ningeanza na fiziotherapia, si kairopraktiki. Wa kairopraktiki kazi yake kubwa ni kusukuma pingili za mgongo mpaka zialike. Kiuno kilichokaza juzijuzi kinaweza kupata nafuu, sikatai, ila mara nyingi mtu hurudi tena na tena, na pochi inaumia kuliko mgongo! Mtaalamu wa fiziotherapia atamtembeza kwa visigino aone kama kidole gumba kinainuka sawa miguu yote miwili, kisha ampe mazoezi ya kufanya mwenyewe nyumbani na kumrekebisha anavyokaa kwenye pikipiki. Muhimbili wapo, KCMC wapo, na hospitali nyingi za mikoa pia.

Akipata ganzi sehemu za siri, akashindwa kukojoa, au mguu ukilegea, asiende kwa yeyote kati ya hao. Mpeleke hospitali, dharura, siku hiyohiyo. Na shingo msikubali izungushwe kwa ghafla: ni nadra, lakini mshipa wa damu ukichanika huleta kiharusi.