Meza ya pikipiki imemaliza nafasi

SWALI: Mambo vipi, niko Ngamiani, Tanga. Gereji ya nyumbani ina friji bovu, baiskeli za watoto na pikipiki, sasa nimeongeza meza ya kuinulia pikipiki hata pa kukanyaga hakuna, naweza kuisimamisha ukutani?

JIBU: Unaweza, ila ile jeki ya mafuta inayoinua meza ukiilaza ubavu inaweza kuvuja au kuingia hewa halafu inapanda kwa kusuasua, kama inachomoka ichomoe uiweke wima. Meza ifunge mnyororo kwenye ndoano iliyoshika tofali siyo plasta, ikimwangukia mtoto ni msiba. Mimi ningeishusha chini kabisa nikapaki pikipiki juu yake, basi. Pini za maungio ya meza zipake grisi, chumvi ya bahari yetu haina huruma. Na hilo friji si uwape wa vyuma chakavu jamani?