Barua kwa mwanangu: msiikimbilie tiketi ya bure

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unasema mmeamua kuwapeleka watoto Walt Disney World, kule Florida, siku nne mwezi wa Julai, kwa sababu mume wangu mdogo hatimizi miaka mitatu mpaka Septemba, na walio chini ya miaka mitatu huingia bure. Tena mke mwenzangu anatimiza kumi Oktoba, na mwenye miaka kumi hukatiwa tiketi ya mtu mzima. Halafu unauliza: kwa siku nne na bustani nne za michezo za pale, mnunue zile tiketi za Park Hopper za kuhama bustani siku hiyohiyo, ili watoto waone kila kitu? Na mimi nitakuja?

Hesabu ya binti ipuuzeni. Tofauti ya tiketi ya mtoto na ya mtu mzima pale ni dola chache tu kwa siku. Ya mdogo wake ni fedha ya kweli, sikatai. Lakini Julai, mwanangu! Wewe umesahau kwa sababu ulikuwa na miaka saba. Mimi sijasahau.

Tulikwenda Julai 1999. Baba yako alikuwa na msimamo mmoja: tumelipia siku nzima, tutakaa siku nzima. Tuliingia Magic Kingdom, moja ya bustani hizo nne, geti linafunguliwa. Kufika saa sita jua la Florida lilikuwa limetukaa utosini, na hewa yenyewe nzito kama mvuke wa sufuria. Saa tisa mbingu zikafunguka. Ndiyo kawaida ya kiangazi cha kule, mvua ya radi mchana, karibu kila siku, na radi ikikaribia michezo ya nje husimamishwa. Watu wote wakakimbilia penye paa, foleni za ndani zikavimba. Mwenye akili angerudi hotelini. Sisi tukanunua makoti ya mvua ya plastiki tukaendelea kuzunguka, viatu vikilia chubwi chubwi. Wewe ulilala ukingoni mwa barabara ya Main Street, kichwa kwenye begi la vitafunio, saa nzima kabla ya fataki ulizokuwa umeziimba wiki nzima. Baba yako akakuamsha zilipoanza. Ukaziangalia kwa jicho moja, ukaniuliza kama kuna mtu anaweza kupunguza sauti.

Na kuondoka sasa. Maegesho ya magari ya Magic Kingdom hayako mlangoni, yako ng'ambo ya ziwa linaloitwa Seven Seas Lagoon. Unavuka kwa kivuko, au unalizunguka kwa monorail, treni ya reli moja, na usiku ule maelfu yote yalitaka kuvuka kwa wakati mmoja. Nilikubeba wewe, baba yako akambeba kaka yako, na hatukusemeshana mpaka tulipofika kwenye gari. Kosa lilikuwa letu wenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu: ahirisheni mpaka mwisho wa Januari. Pilikapilika za Krismasi na mwaka mpya zinakuwa zimepoa, joto halichomi, na mabwawa ya kuogelea ya hoteli zao hupashwa moto. Epukeni tu wikiendi ndefu ya sikukuu ya Martin Luther King, na msisogee hadi ile ya sikukuu ya marais katikati ya Februari. Shuleni mtaomba ruhusa. Agosti mwishoni na Septemba watu hupungua pia, lakini huo ni msimu wa vimbunga, na mimi vimbunga siviwezi.

Iko sababu nyingine ya kungoja, nayo ipo kwenye fremu ya mlango wako. Mlipokuwa mnafunga mizigo mwezi uliopita nilimsimamisha mume wangu pale nikamchorea alama: sentimita 94. Kule umri hauamui kitu ukishapita getini, kinachoamua ni urefu. Kwa 94 anaruhusiwa Barnstormer, kitreni kidogo cha watoto kinachotaka 89. Akifika 97 anafunguliwa Seven Dwarfs Mine Train, na akifika 102 anaingia Star Tours. Space Mountain wanataka 112, na Tron 122, ambayo dada yake ameshaipita. Kwa anavyorefuka, Januari anaweza kuwa ameigusa 97. Sentimita tatu hizo ndizo zitakazompa treni ya kupanda na dada yake, badala ya kusimama nje akilia.

Na atalia, usinibishie. Kaka yako alipungukiwa na vidole viwili pale Space Mountain. Usiku uliotangulia alikuwa ameshaambiwa na mwenzake wa hotelini ajaze soksi kwenye viatu, na mimi sikujua. Asubuhi nikamwona anatembea kama bata. Yule kijana mwenye fimbo ya kupimia alimpima mara ya kwanza, akamtazama usoni, akamwambia kwa upole avue viatu arekebishe soksi zake. Akampima tena. Hapana. Kaka yako alinuna mpaka kwenye tembo za Dumbo, na picha unayo.

Kwa mchezo ambao mdogo haruhusiwi, mwambieni mhudumu mlangoni kwamba mnataka Rider Switch. Mmoja wenu anapanda na binti, mwingine anabaki na mdogo. Wakitoka mnabadilishana, na aliyebaki hapangi foleni ndefu upya. Anaweza hata kumchukua binti tena, kwa hiyo mke mwenzangu atapanda mara mbili. Usimwambie mapema, atakukalisha chini aandike ratiba.

Sasa Park Hopper. Hapana. Ramani inadanganya, eneo lile lina ukubwa wa kama kilomita za mraba 100, na kutoka Animal Kingdom hadi Magic Kingdom ni safari ya basi, siyo matembezi. Ukihesabu kutoka, kungoja, kupanda, kukaguliwa begi na kuingia, umeshaipoteza saa ya mtoto mwenye usingizi. EPCOT na Hollywood Studios angalau zimekaribiana, kuna vigari vya kamba vya Skyliner. Hata hivyo nisingenunua.

Mimi ningepanga hivi: siku ya kwanza Magic Kingdom, ya pili Animal Kingdom, ya tatu bwawa la hoteli na usingizi bila tiketi yoyote, ya nne Magic Kingdom tena. Ndiyo, mara mbili, na nyingine mbili muziache kabisa. Magic Kingdom ndiyo yenye michezo mingi isiyouliza urefu: Dumbo, Peter Pan, maharamia, mashua za wanasesere wa dunia nzima. Siku ya kwanza mtoto anatazama tu, kila kitu kinamzidi. Akirudi siku ya nne anawaongoza yeye. EPCOT ina ziwa lenye mabanda ya nchi 11, na kulizunguka ni karibu kilomita mbili. Kwa mguu wa miaka mitatu, hiyo ni kazi ya baba kubeba.

Animal Kingdom nendeni asubuhi kabisa, mkaanze na Kilimanjaro Safaris kabla wanyama hawajatafuta kivuli. Kuna kijiji wamekiita Harambe, e moja imepotea njiani, na sura yake waliichukua Lamu. Mwaka ule bustani ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na baba yako alisahau mpaka wanyama; alikuwa anasoma vibao vya Kiswahili kwa sauti huku Wamarekani wakimwangalia. Tamu Tamu ni kibanda cha aiskrimu. Dawa Bar ni baa kweli, ukiumwa kichwa usiende huko. Siku hizi ipo na hoteli yao ya wanyama, yenye mgahawa unaoitwa Jiko, na usidhani utakuta jiko la kupikia uji wa mtoto.

Hoteli chukueni ndani ya eneo lao, hata ile ya daraja la chini. Siyo kwa ajili ya mapambo. Basi la hoteli linawashusha karibu na geti la Magic Kingdom, ng'ambo ile ya maegesho mnaiepuka. Mnaingia nusu saa kabla ya wengine. Na zile nafasi za kulipia za foleni fupi, Lightning Lane, mnaanza kuzichagua siku saba kabla ya kufika, wakati waliolala nje wanangoja siku tatu. Zamani enzi za FastPass kitu hicho kilikuwa bure, basi tena. Nafasi hizo nunueni kwa siku moja tu ya Magic Kingdom. Peter Pan ni dakika tatu za kupanda, na watu humsubiri saa nzima.

Saa sita mchana tokeni. Hata kama binti ananung'unika, hata kama mkwe wangu ameanza hesabu zake za baba yako. Laleni, mrudi saa kumi.

Chakula chenu mnaruhusiwa kuingia nacho, ila chupa za kioo na pombe ni marufuku. Maji ya barafu ombeni kaunta za vyakula, ni bure. Kigari cha mtoto kisizidi sentimita 79 kwa 132, na kifungieni kitambaa chekundu, maana wahudumu huvipanga upya mkiwa ndani na vyote vinafanana. Kila bustani ina Baby Care Center, chumba tulivu cha kumbadilishia na kumlisha mtoto.

Mimi nitakuja. Nitakaa na mume wangu mkiwa mnarushwa huko angani, na siku ya bwawa mtaniachia wote wawili, mkatembee.

Mpime tena Jumapili, akiwa na viatu atakavyovaa safarini, maana kule hupimwa navyo. Uangalie na soksi.

Mama yako