Ami, kiwanja usikiuze

Assalaam alaikum Ami. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Umesema binti yako amepata alama nzuri za sayansi, anataka kusomea wanyama Ulaya kama dada yake mimi, na barazani watu wanakuuliza mtu anasomea wanyama ili awe nani, mchunga ng'ombe? Umeniuliza mawili: kazi ipo, na je, kile kiwanja cha Wiyoni ukiuze?

Nakujibu kwa maandishi na wengine wasome, maana si wewe wa kwanza kuniuliza, na siku zote nimekuwa nikijibu nusu.

Kiwanja usikiuze. Nakueleza kwa nini.

Unakumbuka mwaka niliosafiri, shamba la minazi la Kipungani lilivyouzwa. Wakala wa Mombasa alimwambia Baba kwamba nikianza na zoolojia, yaani elimu ya wanyama, mwaka wa pili nitahamishwa niingie udaktari wa mifugo. Mimi udaktari ndio niliokuwa nikiutaka, kwa sababu ya ile hospitali ya punda iliyofunguliwa Lamu mwaka 1987. Nikitoka madrasa nilikuwa nasimama nje kuwaangalia wakimsafisha punda kidonda cha mgongo, na punda ametulia kama anaelewa. Basi nilipofika huku Uskoti, wiki ya pili nikaenda ofisini kuulizia kuhamishwa. Mama aliyenipokea alinieleza polepole, akirudia, akidhani Kiingereza ndicho kinachonishinda. Njia hiyo haipo. Udaktari wa mifugo ni kozi ya peke yake, miaka 5, huingiwa tangu mwanzo na kwa ushindani mkali. Aliyesomea zoolojia hana ruhusa ya kumtibu hata paka. Wakala hakupokea simu tena.

Nyumbani sikusema. Baba, Mungu amrehemu, alikufa akijua binti yake anasomea udaktari wa wanyama. Sikuwahi kumwambia, na hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana kwako sitaki kuficha kitu.

Sasa hiyo elimu yenyewe. Zoolojia ni kumjua mnyama mzima: mwili wake unavyofanya kazi, anavyozaa na kurithisha, anavyokula na anavyoliwa, na kwa nini mahali fulani yupo na pengine hayupo. Na mnyama si simba na ndovu tu. Mbu ni mnyama, minyoo ni mnyama, chaza ni mnyama. Mwaka wa kwanza mhadhiri alitufundisha pweza: mioyo 3, damu ya buluu kwa sababu hewa yake inabebwa kwa shaba badala ya chuma, na jike akishataga hukaa shimoni akiyalinda mayai bila kula, yakianguliwa anakufa. Darasa zima lilishangaa. Mimi nilikukumbuka wewe, Ami. Nilikuwa na miaka 9, maji yametoka, bamvua kubwa, ukainama kwenye shimo mwambani na mkonzo, mti wa kuchomea pweza, mkononi, kisha ukaurudisha nyuma. Ukaniambia, "Huyu yuwalea, mwate. Hata nyama hana." Yale aliyokuwa akiyasoma mhadhiri kwenye karatasi, wewe uliyajua kwa macho. Kilichobaki ni sababu zake, na hizo nilizipata darasani. Nilizipenda mno. Kwa elimu yenyewe sijuti hata siku moja.

Ila mwambie binti yako kwamba kinachowatoa wengi si kupasua wanyama, ni hesabu. Kila somo lina takwimu ndani yake, na siku hizi data huchambuliwa kwa kuandika programu ya kompyuta. Asiyependa hesabu atateseka. Na kuhusu lile swali la Mama, kama tunashika nguruwe, ndiyo, kuna siku huletwa viungo vya nguruwe maabara. Niliomba nipewe vya kondoo, nikapewa bila maneno.

Kazi. Waliosoma nami wengi walitaka kufanya kazi kwenye bustani za wanyama. Nafasi moja inagombewa na watu wengi mno, na mshahara ni mdogo. Wengine wako maabara, wanafuga nzi wa matunda na samaki wadogo wa majaribio kwa ajili ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Wengine ni walimu. Mmoja yuko kwenye mashamba ya samaki wa salmoni, na sehemu ya kazi yake kila wiki ni kutoa samaki kwenye vizimba na kuwahesabia chawa wa baharini, mmoja mmoja. Wengine hawakuipata kazi ya wanyama kabisa, wako benki au ofisi za bima, wanatumia zile takwimu.

Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa popo. Huku sheria inamlinda popo. Mtu akitaka kubomoa nyumba ya zamani au kubadilisha paa, ikihisiwa kuna popo lazima alete mtaalamu aangalie kwanza, na akivunja makazi yao bila kibali ni kosa la jinai. Basi nilikuwa nakaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya ghala la mawe, nimevaa koti juu ya buibui, kifaa cha kunasia mlio mkono wa kulia na cha kuhesabia mkono wa kushoto. Mwezi wa sita huku jua linazama saa nne usiku. Naswali Maghribi kando ya gari, narudi kitini. Dakika kama 20 baada ya jua kuzama, kifaa kinaanza kugonga. Popo wa huku ni mdogo, gramu 5 hivi, uzito wa kijiko cha chai cha sukari, na mlio wake uko hezi 45,000 hivi, wakati sikio letu linaishia 20,000. Bila kifaa husikii kitu, unaona kivuli tu kimeponyoka chini ya kigae. Mmoja, wawili, kumi na saba. Naandika saa na dakika. Kwetu popo ni yule anayekuja kuangusha makungu usiku na kutuamsha, na mimi hapa nalipwa kumhesabu. Niliipenda kazi ile.

Lakini ni kazi ya msimu, inaanza mwezi wa tano na mwezi wa tisa imekwisha. Mwaka ule kampuni ilituaga sote, na mshahara wa mwezi wa mwisho niliufuatilia mpaka Januari. Nikarudi kusafisha ofisi usiku, kama nilivyofanya nilipokuwa chuoni, ambapo mwanafunzi wa viza haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Zile picha za theluji nilizokuwa nawatumia, nyingi nilipiga nikitoka kufagia.

Ada ndiyo mwiba. Mwanafunzi wa kutoka nje, kwa masomo ya sayansi, kwa kawaida hulipa zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya milioni 3 za kwetu, na Uskoti shahada ni miaka 4. Chakula na nyumba bado. Akimaliza, mwajiri wa kumwombea viza ya kazi lazima amlipe mshahara unaofika kiwango cha serikali. Kiwango hicho kimepandishwa sana, na kazi nyingi za wanyama za anayeanza hazikifikii. Mimi nimefika hapa nilipo kwa miaka mingi, na nimekosa Maulidi ya Lamu kuliko ninavyotaka kuhesabu. Kiwanja cha Wiyoni hakitatosha hata mwaka mmoja, Ami. Utakuwa umeuza, na mtoto atakuwa katikati ya njia.

Aanze nyumbani. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, wanafundisha biolojia ya bahari na uvuvi. Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wamefundisha zoolojia tangu zamani. Hapo Kilifi kuna watafiti wa malaria, na malaria haisomwi bila mtu wa mbu. Kule Nairobi kuna taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, Mkenya aliyesomea wadudu mpaka udaktari wa falsafa. Mombasa kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi. Akipata shahada ya kwanza, akafanya kazi miaka miwili mitatu, aombe ufadhili wa kusomea Uingereza, wa Chevening au wa Commonwealth (Jumuiya ya Madola), kwa shahada ya pili. Hizo hulipa ada, nauli na posho. Chevening wanataka uwe umeshafanya kazi, na ukimaliza urudi kwenu miaka 2. Akija kwa njia hiyo nitampokea uwanja wa ndege kwa furaha.

Na kuna jambo nililofikiria sana nikisikiliza sauti yako. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari ya Lamu, wavuvi kama 4,600. Mwaka uliofuata leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe hapo Lamu ilifutwa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na ripoti ya athari kwa mazingira ilikuwa na kasoro. Ripoti hizo huandikwa na watu wa kazi yangu hii. Ni nani aliyehesabu samaki kabla mkondo haujachimbwa? Kasa wa Shela, ambao mchanga ukizidi joto la nyuzi 29 hivi majike huwa wengi kuliko madume, nani anaweka kipimajoto kwenye viota mwaka hata mwaka? Wewe unajua samaki wamepungua, na kila mzee barazani anajua, ila mkifika mbele ya hakimu mnaulizwa namba, na namba nyingi zimeshikwa na wageni. Hao watu wa barazani wanaouliza atakuwa nani, waambie atakuwa huyo mwenye namba.

Aanze kabla ya chuo. Bamvua ijayo mchukue mwambani, ukimwonyesha mashimo kama ulivyonionyesha mimi. Aende na kamba ya mita 50 na daftari. Aitandaze, atembee pembeni yake, aandike kila shimo la pweza analoliona: saa, kina cha maji, mna pweza au hamna, analea au halei. Bamvua inayofuata arudi palepale. Miezi mitatu hivi, kisha anitumie picha za kurasa, nami nitamfundisha kuzichambua kwa simu kila Jumapili. Penseli, si kalamu, maana wino hukimbia ukirowa.